Sanduku la Barua: "Mawazo Yamenizidi, Nianzie Wapi?"

Mhariri aliponiomba nijibu barua za wasomaji kuhusu kazi ninayojifunza, nilidhani zingekuja tatu nne. Zimejaa bahasha nzima. Nimechagua sita, nimezifupisha, na nimeondoa kila kitu ambacho jirani angeweza kumtambulia mwandishi. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa shahada ya uzamili ya saikolojia tiba hapa Dar es Salaam. Kabla ya hapo nilikuwa muuguzi kwa miaka 7 katika hospitali ya wilaya.

Swali: Wewe ni daktari wa vichaa au ni nani hasa? Nasikia hutoi dawa, na nasikia bado unasoma. Mimi ni mama wa miaka 58. Nimweleze siri zangu binti ambaye hajamaliza shule? — *Mama, Morogoro*

Jibu: Shikamoo mama. Swali lako ni lile ambalo wengi hulimeza, kisha hawarudi tena kliniki. Nakushukuru kwa kuliandika, na nitakujibu kwa kirefu.

Nimezaliwa Muheza, kwenye machungwa. Baba alikuwa dereva wa Fuso, akipakia machungwa kuleta Dar es Salaam, na msimu ukikubali mpaka Nairobi. Usiku mmoja gari lilipinduka. Baba alitoka na mkono uliovunjika. Utingo wake, kijana aliyekuwa akila nyumbani kwetu kama kaka yetu, hakutoka. Mkono uliunga baada ya miezi 3, lakini baba mwenyewe hakupona. Aliacha kuendesha, akawa anakaa chini ya mwembe nyuma ya nyumba tangu asubuhi. Lori likipunguza mwendo kule barabara kuu, ile sauti ya breki za upepo ikisikika, alikuwa anashika kingo za kiti kwa mikono miwili. Nilikuwa na miaka 12, na mimi ndiye niliyekuwa nampelekea uji. Mikono ile naikumbuka kuliko uso wake.

Watu walikuja. Kwetu mtu haachwi peke yake. Walikuja na mchele, na sukari, na maneno, na maneno yote yalikuwa ni lile lile: jikaze. Jikaze mzee, wewe mwanamume. Jikaze, una watoto. Shukuru Mungu, ungekufa wewe. Kila lilipotamkwa nilimwona baba akiitikia kwa kichwa, halafu anakuwa kimya kuliko mwanzo.

Aliyemfungua ni fundi baiskeli wa mtaani kwetu. Alikuja alasiri moja, akaketi juu ya tofali, akauliza, "Ilikuwaje usiku ule?" Kisha akanyamaza. Alinyamaza mpaka mimi mtoto nikaona haya kwa niaba yake. Ndipo baba akaanza kusema, na alisema hadi adhana ya magharibi. Fundi alirudi kesho yake, na keshokutwa. Baba hakurudi tena barabarani, sitakudanganya. Ila alianza kula nasi mkekani, na usiku tukaanza kumsikia akikoroma.

Hilo nilikua nalo bila kujua kwamba ni elimu. Nilipokuwa muuguzi nikalikuta tena. Kila wiki walikuja watu, wengi wao kina mama, wakisema kichwa kinagonga, kifua kinabana, mwili unawaka moto, mgongo unatambaa wadudu. Tunapima malaria, tunapima presha, tunapima mkojo, hakuna kitu. Wanaondoka na panadol. Mmoja alikuja mara nyingi mpaka faili lake likanenepa. Siku moja nikamwambia, kwa nia njema kabisa, "Mama, huna ugonjwa." Akaniangalia akasema, "Kama sina ugonjwa, hiki kinachoniua kinaitwaje?"

Sikuwa na jibu, na katika hospitali nzima hapakuwa na mtu wa kumpeleka kwake. Mwaka uliofuata nilianza shahada ya saikolojia, nikisoma mchana na kuingia zamu usiku. Baadaye nikaja huku.

Sasa kuhusu madaraka yetu. Daktari wa magonjwa ya akili amesomea udaktari kwanza, kisha akabobea kwenye akili. Yeye ndiye anayeandika dawa. Mwanasaikolojia tiba haandiki dawa. Anapima kwa mazungumzo na kwa maswali yaliyopangwa, na anatibu kwa mazungumzo na mazoezi ambayo mgonjwa huenda nayo nyumbani. Mara nyingi mgonjwa mmoja huwa na sisi wote wawili. Akija mtu anayesikia sauti wasizozisikia wengine, hajalala siku 4 na anataka kugawa nyumba yake, siketi naye peke yangu kujaribu mazungumzo. Namkimbiza kwa daktari. Na lile neno "vichaa", mama, naomba tuliweke chini. Watu ninaoketi nao ni walimu, mama ntilie, askari, wanafunzi, na bibi wa kanisani aliyefiwa na wajukuu wawili.

Ni kweli bado nasoma. Ndiyo maana sifanyi kazi peke yangu. Mgonjwa huambiwa siku ya kwanza kwamba mimi ni mwanafunzi, na anaweza kukataa bila kuulizwa sababu. Akikubali, na akiruhusu, tunarekodi sauti, na msimamizi wangu husikiliza. Mwaka jana alisikiliza kikao changu kimoja cha dakika 50 akiwa na kalamu mkononi, akiweka alama kila niliposema "usijali" au "usilie". Alipomaliza alinionyesha karatasi. Alama zilikuwa 9. Akaniambia, "Mara tisa alifungua mlango, mara tisa umeurudishia." Nilirudi bwenini nikakaa kitandani na karatasi ile. Nilimwona baba chini ya mwembe, na safari hii mwenye mchele na sukari na "jikaze" nilikuwa mimi.

Hivyo mama, ukija, utakuwa na masikio manne badala ya mawili. Ukiona binti hatoshi, sema. Hatutakasirika.

Swali: Naendesha bodaboda ya mkataba. Mama aliugua, nikachukua mkopo wa kausha damu, nikachukua mwingine kulipa ule wa kwanza. Wanaonidai sasa ni watatu. Hesabu ya bosi nayo inataka kila jioni. Silali, chakula sina hamu nacho, simu nimezima wiki ya pili. Mke anasema niwaone watu wa saikolojia. Mazungumzo yatanilipia deni? — *Dereva, Mbagala*

Jibu: Hapana kaka, hayalipi. Yeyote atakayekwambia kwamba shida yako iko kichwani tu, muache aende zake. Riba ipo. Bosi yupo. Pole sana, na pole kwa mama.

Acha nikueleze ukija itakuwaje, ili uamue mwenyewe kama nauli inastahili. Chumba ni kidogo, kina feni na viti viwili. Viti nimeviweka upande upande kidogo, visitazamane kabisa, kwa sababu wanaume wengi husema vizuri zaidi wakiwa wanatazama dirishani. Swali langu la kwanza ni, "Nini kimekuleta leo?" La pili ni, "Kwa nini leo, si mwezi uliopita?" Hilo la pili ndilo hutoa mengi. Mtu atasema kichwa, kichwa, kichwa, halafu atasema, "Kwa sababu jana nilimpiga mtoto, na sijawahi kumpiga."

Kisha tunapitia maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita: usingizi, chakula, uchovu, kujilaumu, hadi lile zito la kutaka kufa. Kila swali lina alama kuanzia 0 hadi 3, jumla 27. Hutumika dunia nzima, na tafsiri ya Kiswahili ipo. Ila karatasi haimjui mtu. Swali la kwanza kabisa huuliza kuhusu kupotewa na hamu ya kufanya mambo. Mzee mmoja niliyemsomea aliweka mkono juu ya karatasi yangu akauliza, "Hamu ya nini, mwanangu? Ya kula, ya kulima, au ya mke?" Nikaweka kalamu chini nikamwomba anieleze zote tatu. Ya kula ilikuwepo. Ya kulima ilikwisha tangu mvua za vuli. Kuhusu mke alinyamaza kwanza, kisha akasema wameanza kulala vyumba viwili. Kwenye karatasi hayo yote yangekuwa alama moja.

Baada ya hapo ndipo kazi yenyewe inaanza. Kwako wewe nisingeanza na deni. Ningeanza na simu.

Ulipozima simu mara ya kwanza ulipata nafuu, sivyo? Kifua kililegea. Na kwa kuwa kililegea, kesho yake ukazima tena. Lakini kila siku unayoizima, zile meseji usizozisoma zinakua kichwani mwako kuliko zilivyo kwenye kioo. Saa 8 za usiku unazisoma zote, hata ambazo hazijaandikwa. Sisi tunakwenda kinyumenyume. Tunaiwasha hapa hapa chumbani, saa 4 asubuhi, ukiwa umeketi na maji pembeni. Tunasoma meseji moja tu. Unaandika kwenye daftari nani, kiasi gani, lini. Mkono utatetemeka. Unavuta pumzi kwa pua taratibu, unaitoa kwa mdomo taratibu zaidi, kama mtu anayepuliza uji wa mtoto bila kuumwaga. Kisha unasoma ya pili. Simu inazimwa tena ukitaka, lakini sasa deni limekuwa namba kwenye daftari, na namba ina mwisho.

Upande wa pili wa daftari tunaandika yale maneno yanayokujia yenyewe. Kuna daktari wa Marekani, Aaron Beck, aliyefariki 2021 akiwa na miaka 100, ambaye miaka ya 1960 kule Philadelphia aliona kwamba wagonjwa wake wenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, walikuwa na mawazo yanayopita haraka sana, ambayo wenyewe walikuwa hawayahoji. "Mimi si kitu." "Nimewaangusha wote." Kwa madereva huwa nasikia "mimi si mwanamume." Hatubishani na wazo hilo wala hatulipaki rangi. Tunaliweka mezani kama shahidi mahakamani, tunaliuliza. Mwanamume aliyekopa ili mama yake alazwe, anakosa nini cha uanaume? Ninauliza kweli, na nasubiri jibu lako. Langu silitoi.

Kisha ndiyo deni. Shirika la Afya Duniani lina mpango mfupi wa vikao 5, na sehemu yake moja inakwenda hivi: tenga shida zinazoweza kutatuliwa, zisizoweza, na zisizo na umuhimu leo. Chagua moja. Taja njia zote, hata za kipuuzi. Jaribu moja wiki hii. Mpango huu ulijaribiwa Nairobi kwa wanawake waliopitia ukatili, ukiendeshwa na wahudumu wa jamii waliofunzwa, na matokeo yaliyochapishwa 2017 yalionyesha kwamba uliwasaidia. Kwako huenda shida ya kwanza ikawa ni kumtafuta kati ya hao watatu yule mwenye riba kali zaidi, na kwenda kuongea naye pamoja na kaka yako au mjumbe. Au kumwambia bosi ukweli kuhusu hesabu. Nani wa kwanza, utachagua wewe.

Halafu kitu kimoja ambacho watu hukidharau. Nitakuuliza ulikuwa unafanya nini kabla ya haya, kilichokuchangamsha. Wengi huniambia mpira jioni, au kuosha pikipiki Jumapili na wenzao kijiweni. Nitakuomba ukirudie hicho mara mbili kwa wiki hata kama hutaki, tena hasa kama hutaki. Sonona humwambia mtu, "Ngoja hamu irudi ndipo utoke." Nilivyoona mimi, mtu hutoka kwanza, hamu inamfuata nyuma ikichechemea.

Swali: Binti yangu ana miaka 16. Ameanza kupandisha. Anaanguka, anaongea sauti si yake. Mganga amesema ni jini wa ukoo wa baba yake, sheikh naye anamsomea. Shangazi yake aliye Dar anasema hayo ni ushamba, nimlete kwenu. Mimi niko njia panda. — *Mama, Pangani*

Jibu: Mama, sikuiti mshamba. Mimi ni mtu wa Muheza, ngoma za kupunga nilizisikia kabla sijajua kusoma.

Kabla ya mengine yote, nijibie haya. Anapoanguka, anaanguka popote, hata jikoni penye moto? Anauma ulimi? Anajikojolea? Akiamka anakuwa mzito, hajui kilichotokea? Ikiwa hata moja ni ndiyo, mpeleke hospitali wiki hii, usisubiri. Hizo ni dalili za kifafa. Kifafa kina dawa zake, watoto wengi wakizinywa bila kuruka hukaa sawa, na asipozinywa anaweza kuungua au kuzama. Sheikh anaweza kuendelea kumsomea. Kisomo na kidonge havigombani.

Ikiwa si hivyo, kama anaanguka pale penye watu, haumii, na sauti ile inasema mambo, basi mimi ningetaka kujua inasema nini. Silizungumzii jini, sina elimu nalo. Namzungumzia binti. Msichana wa miaka 16 kwenye nyumba zetu hana ruhusa ya kusema "sitaki". Anapopandisha, kwa mara ya kwanza watu wazima wananyamaza kumsikiliza. Je, kuna ndoa inayozungumzwa? Ameacha shule? Kuna mtu mzima nyumbani au mtaani ambaye binti anaogopa kubaki naye? Maswali haya aulizwe akiwa peke yake, mchana, akiwa salama, na mwanamke anayemwamini. Huyo anaweza kuwa bibi yake. Si lazima awe mimi.

Wasomi wa kazi yetu waligundua zamani kwamba kumdharau mganga ni kumpoteza mgonjwa. Mwaka 1954 Thomas Adeoye Lambo, daktari wa magonjwa ya akili wa Nigeria, alianza pale Aro, Abeokuta, kuwalaza wagonjwa wake vijijini kuzunguka hospitali badala ya kuwafungia. Kila mgonjwa alikuja na ndugu, mchana alipata tiba, jioni aliishi na watu. Na Lambo aliwashirikisha waganga wa jadi bila kuona haya. Mimi bado ni mwanafunzi, lakini nikiwa nakusanya habari za mgonjwa huwa nauliza, "Nani mwingine anakutibu, na anasemaje?" Zamani nilikuwa siulizi, na wagonjwa walikuwa wananificha hirizi chini ya nguo kana kwamba ni bangi.

Kuna mambo mawili sitanyamaza. Asifungwe kamba wala mnyororo, hata saa moja. Na asipigwe ili jini atoke. Mganga au mwalimu yeyote atakayependekeza hayo, mchukue mwanao uondoke. Pia kama kuna mtu anataka kubaki naye faraghani usiku kwa jina la tiba, ondoka usiku huo huo.

Mlete, au mpeleke hospitali ya mkoa hapo Tanga kwanza. Mkija Dar, shangazi akae nje na wewe uingie naye, kisha tutakuomba na wewe utoke kidogo.

Swali: Nikikwambia kwamba niliwahi kutaka kujiua, utanipeleka polisi? — *Msomaji, Mwanza*

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Nitakuuliza, "Na leo?"

Najua hofu yako imetoka wapi. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 217, hutaja jaribio la kujiua kuwa kosa. Majirani zetu Kenya walikuwa na kifungu kama hicho, cha 226, na Januari 2025 Mahakama Kuu ya huko ilitamka kwamba kinapingana na katiba yao. Natamani sana na sisi tufike hapo, kwa sababu nilipokuwa wodini niliona familia zikisema "amekunywa kwa bahati mbaya", na sisi tukaandika hivyo hivyo, na mtu akaruhusiwa kurudi nyumbani bila kuulizwa swali hata moja kuhusu moyo wake.

Unayosema chumbani yanabaki kwangu na kwa msimamizi wangu. Siri ina mipaka michache, na naitaja siku ya kwanza kabla hujasema lolote: maisha yako yakiwa hatarini sasa hivi, ya mtu mwingine yakiwa hatarini, au mtoto akiwa anaumizwa. Hapo nitamhusisha mtu mwingine, na nitakwambia kwanza ni nani na kwa nini. Tutachagua pamoja mtu wa kukaa nawe, na tutaondoa nyumbani vitu vya hatari.

Wanaomsoma huyu ndugu nanyi mkamfikiria mtu wenu: muulizeni, kwa maneno yaliyo wazi. "Umefikiria kujiua?" Kuuliza hakumwingizii mtu wazo hilo kichwani. Akisema ndiyo, msimwache peke yake usiku huo, na asubuhi nendeni naye hospitali yoyote iliyo karibu. Na wewe wa Mwanza, kama jibu lako la "na leo" ni ndiyo, usingoje toleo lijalo la gazeti hili. Mwamshe mtu aliye nyumba moja nawe sasa.

Swali: Mume wangu amefariki, huu mwezi wa tatu, niko eda. Bado nalia kila nikiona kikombe chake. Mkwe ananiambia nimezidisha, nitaugua akili. Je, ni ugonjwa? — *Mjane, Lindi*

Jibu: Si ugonjwa, dada yangu. Mungu amrehemu. Eda yenyewe ni miezi 4 na siku 10, na waliotutangulia hawakuuweka muda ule bure. Hata vitabu vyetu havina haraka kama mkwe. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ulioanza kutumika 2022 unataka angalau miezi 6 ipite kabla majonzi hayajaanza kuitwa maradhi, tena yawe yamemzuia mtu kuishi, na yawe yamezidi desturi ya watu wake.

Ninachotaka kujua ni kama unakula, na kama kuna mtu unayeweza kumsimulia habari za kikombe hicho. Alikuwa anakunywa nini? Nani alikuwa anakiosha? Mtafute wa kukuuliza hayo. Kikombe usikifiche kwa sababu ya mkwe. Kama siku moja utataka kukiweka kabatini, utakiweka.

Swali: Niko kidato cha sita. Nataka kusomea kazi kama yako. Nianzie wapi, na nijiandae na nini? — *Mwanafunzi, Kigoma*

Jibu: Mdogo wangu, karibu, tuko wachache. Njia iliyo nyoofu ni shahada ya kwanza ya saikolojia, kisha uzamili wa saikolojia tiba. Sifa za kujiunga waulize chuo chenyewe, kwa sababu hubadilika. Biolojia usiitupe.

Jiandae na uchovu wa aina ambayo uuguzi haukunifundisha. Zamani nilikuwa nachoka miguu. Sasa nakaa kwenye kiti siku nzima na nikifika nyumbani siwezi kuchagua hata nipike nini. Mimi hutembea kutoka kituo cha pili kabla ya kwangu, na nikifika mlangoni hadithi za watu huwa nimeziachia njiani kiasi.

Lakini kuna kitu unaweza kuanza leo bila ada. Vitabu vyetu vingi vimeandikwa Ulaya na Marekani, na maneno yake ya maumivu ni ya huko. Waliofanya vizuri Afrika walianza kwa kuuliza watu wenyewe wanaitaje. Kule Uganda, katika vijiji vya Masaka na Rakai, watafiti walikuta maneno mawili ya Kiganda, *yo'kwekyawa* na *okwekubazida*, kujichukia na kujihurumia. Tiba ya vikundi iliyojengwa juu ya maneno hayo, wiki 16, ikiongozwa na watu wa huko huko waliofunzwa kwa muda mfupi, ilileta nafuu kubwa. Ripoti ilitoka 2003. Zimbabwe Washona husema *kufungisisa*, kuwaza kupita kiasi. Daktari Dixon Chibanda mwaka 2006 alianza na bibi 14 wa Harare, wakikaa na wagonjwa kwenye benchi la mbao nje ya kliniki. Wazo hilo la benchi sasa limevuka hadi Zanzibar. Ukimsikiliza mtu wa Kariakoo akikwambia "mawazo yamenizidi", utaona yeye na Mshona wanasema jambo moja.

Kwa hiyo nunua daftari dogo. Bibi yako akisema roho inamuuma, mwulize inauma vipi, ya kukwaruza au ya kubana. Mjomba akisema moyo umechoka, mwulize ulianza kuchoka lini. Andika neno lenyewe alilotumia, kwa Kiha kama ni Kiha, usilitafsiri haraka. Andika na mkono alikuwa ameuweka wapi alipokuwa akilisema: kifuani, kichwani, tumboni. Mimi ninalo la kwangu, liko kwenye ukurasa wa 41 sasa. Ukurasa wa kwanza una neno moja la baba, alilomwambia yule fundi alasiri ile: *nimebaki kule*.

Nawe, na wasomaji wengine, kama kwenu kuna neno kama hilo, niandikieni kupitia sanduku hili hili. Semeni linatoka wapi na mlilisikia kwa nani.